Kumpeleka mama kwenye bustani za Chatsworth: tuanzie wapi, na tutazame nini?

Mwana wa Kihamba (Leicester) anauliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Leicester, na mwezi Mei ujao mama yangu atakuja kunitembelea kwa muda wa wiki tano. Ana umri wa miaka 71. Maisha yake yote amekuwa mkulima wa migomba na kahawa kule Machame, katika kihamba alichokirithi marehemu baba kutoka kwa babu, na hata leo, ingawa magoti yanamsumbua, hakubali kukaa ndani kutwa nzima akitazama televisheni. Nilipomwuliza kwa simu angependa kuona nini Uingereza, hakutaja London wala maduka. Alisema anataka kuona mahali ambapo watu wa huku wanaishughulikia ardhi, ili akirudi awe na la kuwaeleza wenzake wa kikundi cha akina mama.

Nimefikiria bustani za majumba ya kale ya mashambani, na hasa Chatsworth, huko Derbyshire, kwa sababu kwa gari si mbali sana na kwetu. Hata hivyo sina hakika. Mimi mwenyewe nilikwenda kwenye bustani ya namna hiyo mara moja, miaka minne iliyopita, pamoja na wenzangu wa kazini. Tulizunguka kwa saa moja na nusu, tukapiga picha, tukanywa chai, na niliporudi nyumbani sikuweza kumweleza mke wangu nilichokiona zaidi ya kusema kwamba palikuwa pazuri. Sitaki mama apitishwe hivyo. Yeye ukimpeleka shambani kwa mtu atauliza maji yanatoka wapi, nani anapalilia, na kwa nini mti huu umepandwa hapa badala ya pale. Nisipokuwa na majibu ataniona nimemleta kutazama majani tu.

Kwa hiyo naomba ushauri wa wale waliokwisha kufika. Je, Chatsworth inamfaa mama wa namna hii, ukizingatia hali ya magoti yake? Tuanzie upande gani? Na ni mambo gani niyajue kabla, ili niweze kumwongoza vizuri?

---

Mkazi wa Sheffield anajibu:

Ndugu yangu, mpeleke Chatsworth, na umwanzishie kwenye maji. Nimekwenda pale zaidi ya mara kumi, kwa kuwa kuna basi linalotoka Sheffield na kufika hadi kwenye jumba lenyewe, na kila ninapompeleka mgeni kutoka nyumbani naanza na maji, kwa sababu kila mtu aliyekulia kijijini anaelewa ugumu wa kuyapata.

Mbele ya upande wa kusini wa jumba kuna bwawa refu lililonyooka, lililochimbwa mwanzoni mwa karne ya 18, na ndani yake kuna chemchemi iitwayo Emperor. Chemchemi hiyo ilijengwa mwaka 1844 na Joseph Paxton, mkuu wa watunza bustani wa Duke wa 6 wa Devonshire, bwana mwenye jumba hilo. Duke alitarajia kutembelewa na Nicholas wa Kwanza, mfalme wa Urusi, akataka amwonyeshe mgeni wake maji yanayoruka juu kuliko yale aliyokuwa nayo mfalme huyo kwao. Kazi ilifanywa kwa miezi sita, hata usiku kwa mwanga wa mienge. Mfalme alifika Uingereza mwaka huo lakini hakufika Chatsworth. Chemchemi ilibaki na jina lake, na imewahi kurusha maji hadi mita 90 kwenda juu.

Sasa hapa ndipo mama yako atakapokuuliza: nguvu hiyo inatoka wapi? Jibu ni kwamba hakuna mashine inayosukuma. Paxton alichimba ziwa la ekari nane juu ya kilima nyuma ya jumba, zaidi ya mita 100 juu ya usawa wa bwawa, akayakusanya humo maji ya nyanda za juu kwa mifereji, kisha akayateremsha kwa bomba. Ni uzito wa maji yenyewe unaoyarusha. Mtu wa Machame, ambaye amekua akiona mifongo ikiteremsha maji ya mlimani kutoka kihamba hadi kihamba kwa mteremko peke yake, hahitaji maelezo marefu ya jambo hili. Anaweza hata kukueleza wewe mahali ambapo mfereji wa namna hiyo huziba na namna ya kuuzibua. Maji hayo hayo yalitumika kuzalisha umeme wa jumba tangu mwaka 1893 hadi 1936, na mtambo mwingine uliwekwa mwaka 1988.

Ukitoka hapo utaona upande wa mashariki, kwenye mteremko, ngazi ndefu za mawe ambazo maji huziteremkia. Zilianza kujengwa mwaka 1696 na fundi wa Kifaransa aitwaye Grillet, kisha zikaongezwa miaka michache baadaye. Zimegawanyika katika makundi 24, na makundi hayo hayalingani, hivyo kwamba sauti ya maji hubadilika kadiri yanavyoshuka. Ni mahali pa kukaa na kusikiliza, pengine kuliko kutazama. Lakini nakuonya mapema: ngazi hizi zimekuwa zikivuja na maji yake yamekuwa yakisimamishwa kwa ajili ya matengenezo makubwa, kwa hiyo tazama tovuti yao kabla hamjaondoka nyumbani, usije ukamwahidi mama jambo ambalo halipo siku hiyo.

Jambo la pili, na hili ndilo litakalomgusa zaidi, ni mgomba. Ndizi ndefu za manjano zinazouzwa katika maduka yote makubwa ya hapa Uingereza huitwa Cavendish, na Cavendish ni jina la ukoo wa Duke wa Devonshire. Karibu na mwaka 1830 Paxton alipata mche wa mgomba uliotokana na miche iliyoletwa kutoka Mauritius, akaupanda ndani ya jumba la vioo lenye joto, akauwekea udongo mwingi na maji mengi, na mwaka 1835 ulichanua, mwaka uliofuata ukazaa. Ukapewa jina la bwana wake. Fikiria jambo hilo, ndugu yangu: katika nchi ambayo baridi huua kila jani laini, kijana mmoja akamwaga jasho na makaa ya mawe miaka kadhaa ili auone mkungu mmoja. Mama ambaye amekata mikungu tangu akiwa binti ataitazama kazi hiyo kwa jicho ambalo mimi na wewe hatuna.

Mweleze pia habari za Paxton mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1803 katika familia ya wakulima huko Bedfordshire, akawa mkuu wa bustani ya Chatsworth akiwa na umri wa miaka 22. Alisimulia mwenyewe kwamba siku ya kwanza, mwaka 1826, alifika saa kumi na nusu alfajiri, hakuona mtu, akaruka geti na kupanda ukuta, akaizunguka bustani yote, akawapangia watu kazi na kufunguliwa maji ayatazame, kisha akaenda kupata kifungua kinywa, na kabla ya saa tatu asubuhi alikuwa amekwisha kumpenda mpwa wa msimamizi wa nyumba. Walifunga ndoa mwaka uliofuata. Kaburi lake liko katika kijiji cha Edensor, ndani ya eneo hilo hilo la Chatsworth, na mkiwa na gari mnaweza kupitia hapo kwa dakika chache.

---

Mtunza Bustani anajibu:

Nimefurahi kusoma maelezo ya ndugu wa Sheffield, na ninaongeza machache kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, ingawa si Chatsworth ninakofanya kazi.

Kwanza ni kuhusu mgomba, ili mama asiambiwe jambo nusu. Aina hiyo ya ndizi haikuanzia Chatsworth. Ilikuwa inalimwa Asia kwa muda mrefu kabla Mwingereza yeyote hajaipa jina, na kilichofanyika Derbyshire ni kuutunza mche, kuuzalisha, na baadaye kuwapa wamisionari miche waliyoipeleka visiwa vya Pasifiki. Ilienea dunia nzima miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1950 na 1960, wakati ugonjwa wa mnyauko ulipoangamiza mashamba ya aina ya Gros Michel iliyokuwa ikiuzwa kabla yake. Mgomba wa Cavendish bado unatunzwa pale Chatsworth ndani ya jumba la vioo, lakini jumba hilo halifunguliwi kwa wageni kila siku. Waandikie barua pepe wiki mbili kabla, waeleze kwamba unamleta mkulima wa ndizi kutoka Kilimanjaro, uulize ni siku gani mtaweza kuingia. Kwa uzoefu wangu watunza bustani huwapokea kwa moyo watu wanaouliza maswali ya kazi.

Pili ni magoti. Bustani ya Chatsworth ina ekari 105 na iko ubavuni mwa kilima, kwa hiyo usijaribu kuizunguka yote. Kaeni upande wa chini, kuanzia kwenye jumba hadi kwenye bwawa refu, ambako njia ni tambarare, kisha mpande polepole kwa kadiri atakavyoweza. Mabenchi yapo mengi. Uliza pia mapema kuhusu viti vya magurudumu na vigari vya umeme vya kuazima, kwa maana mzee anayekataa kiti nyumbani mara nyingi hukikubali akikiona kimewekwa tayari na wengine wa umri wake wanakitumia. Tiketi ya bustani huuzwa peke yake bila ya kuingia ndani ya jumba, na nakushauri muiache nyumba kwa siku nyingine. Nyumba ile ina vyumba vingi na ngazi nyingi, na mtu akitoka humo amechoka, bustani huwa kazi ya kumalizia. Mei ya Derbyshire ina baridi asubuhi. Mvalishe sweta chini ya koti na viatu vya kufunga visivyoteleza, kwa sababu mawe yenye kuvu yakilowa ni hatari kweli.

Tatu, mfundishe kutazama ng'ambo ya bustani. Akisimama mbele ya jumba akaangalia upande wa mto Derwent, ataona malisho mapana, kondoo, na miti iliyosimama kwa makundi kana kwamba iliota yenyewe. Haikuota yenyewe. Katika miaka ya 1760 Duke wa 4 alimleta Lancelot Brown, ambaye watu walimwita Capability, akaondoa sehemu kubwa ya bustani za zamani zilizokuwa zimepangwa kwa mistari na pembe, akasawazisha miteremko, akapanda miti kwa ajili ya watu ambao wangezaliwa miaka mia moja baadaye. Hata kijiji cha Edensor alichokitaja ndugu hapo juu hakiko mahali pake pa asili. Baadhi ya nyumba zake zilikuwa zinaonekana kutoka kwenye jumba, na Duke wa 6 akakihamisha kati ya mwaka 1838 na 1842. Kwa hiyo mandhari ile yote, hata sehemu inayoonekana kuwa pori, ni kazi ya mikono na ya amri. Mkulima huliona jambo hilo upesi akishaambiwa mara moja.

Na akiuliza ni nini kilikuwa mahali penye mzingile, ule ua wa kijani uliokatwa kwa njia za kupotezana, mwambie hapo palikuwa na jumba kubwa la vioo la Paxton, lenye urefu wa mita 84 na kimo cha mita 20, lililokamilika mwaka 1841. Malkia Victoria alipitishwa ndani yake kwa gari la farasi mwaka 1843. Lilipashwa joto kwa makaa yaliyoletwa kwa njia ya chini ya ardhi ili moshi na vibarua wasionekane na wageni. Vilipokuja Vita vya Kwanza vya Dunia makaa hayakupatikana, vijana wa bustani wakaenda vitani, mimea ikafa kwa baridi, na mwaka 1920 jumba likalipuliwa kwa baruti. Mzingile ulipandwa mwaka 1962 ndani ya misingi yake. Mimi hupaona kuwa mahali pa huzuni kuliko pote pale, na kila nikipita husimama kidogo.

---

Dada wa Bristol anajibu:

Kaka, nakubaliana na waliotangulia kuhusu Chatsworth kwa sababu ya umbali. Lakini wiki tano ni nyingi, na ikiwa mtapata siku ya kusafiri kuelekea kusini-magharibi, nakuomba umfikishe mama Stourhead, huko Wiltshire. Kutoka Leicester ni mwendo wa saa tatu au zaidi kwa gari, hivyo mlale njiani.

Stourhead ni bustani ya namna nyingine kabisa. Henry Hoare, mrithi wa ukoo wa wenye benki, alianza kuitengeneza katika miaka ya 1740. Aliuziba mto Stour kwa boma la udongo, bonde likajaa maji na kuwa ziwa, kisha akajenga pembeni mwa ziwa hilo mahekalu madogo kwa mfano wa yale ya Warumi: la Flora, lenye umbo la kawaida la nguzo nne, la Pantheon, lenye kuba, ambamo mna sanamu ya Hercules iliyochongwa na Rysbrack, na la Apollo, juu ya kilima, lililojengwa mwaka 1765. Njia inalizunguka ziwa, na inafaa kuifuata kinyume cha mwendo wa saa, yaani ziwa liwe mkono wako wa kushoto. Ukifanya hivyo utaona jinsi kila jengo linavyoonyeshwa kwa mbali, linavyofichwa na miti, na linavyokutokea ghafla ukiwa umekwisha kulisahau. Ni kama msimulizi mzuri wa hadithi, anayetaja jina la mtu mwanzoni na kumleta mwenyewe mbele yako baadaye. Kuna pango pia, lenye chemchemi za mto ule, lenye giza na ubaridi, na hapo mshike mama mkono kwa sababu ngazi zake ni za mawe na si sawasawa.

Jambo lililonikaa moyoni pale si la mimea. Sir Henry Hoare wa mwisho na mke wake walikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, naye alikufa mwaka 1917 kutokana na majeraha ya vita, akazikwa mbali na kwao. Wazee wale wakaitunza nyumba na bustani bila mrithi kwa karibu miaka 30, na mwaka 1946 wakaikabidhi kwa National Trust, chama kinachohifadhi majengo na ardhi kwa ajili ya umma. Mwaka uliofuata, mume na mke walifariki siku moja. Nilimsimulia hayo mama mkwe wangu tulipokuwa tumekaa kwenye benchi mbele ya ziwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza maswali mengi kuhusu yule mtoto, na hakuna picha yoyote ya siku ile anayoikumbuka kama anavyoikumbuka habari hiyo.

---

Msomaji wa Historia (Leeds) anajibu:

Ndugu Mwana wa Kihamba, umeorodhesha maswali ambayo mama atauliza, lakini kuna moja hukulitaja nalo atalifikia tu: ni nani aliyelipia haya yote? Ninaona ni wajibu wetu, tunapowapeleka wazazi wetu mahali kama hapa, tuwe na jibu la kweli.

Kwa Chatsworth jibu lina sehemu kadhaa. William Cavendish aliyenunua eneo hilo mwaka 1549, pamoja na mke wake Bess wa Hardwick, alikuwa ofisa wa serikali ya Mfalme Henry wa Nane wakati nyumba za watawa zilipofungwa na ardhi yao kugawiwa, naye alifaidika na kazi hiyo. Baadaye ukoo ukapata kodi za wakulima wapangaji, madini ya risasi yaliyochimbwa Derbyshire, shaba ya mgodi wa Ecton huko Staffordshire, na mashamba makubwa ya Ireland yaliyoingia katika ukoo kwa njia ya ndoa mwaka 1753. Kwa maneno mengine, nyuma ya kila ngazi ya maji kuna mchimbaji chini ya ardhi na mpangaji aliyelipa kodi.

Hapa kwetu, kaskazini ya Leeds, kuna Harewood, na historia yake ni nzito zaidi. Jumba lilianza kujengwa mwaka 1759 kwa ajili ya Edwin Lascelles, Lancelot Brown yule yule akatengeneza ziwa na mandhari yake, na fedha zilitoka kwenye sukari ya visiwa vya Karibi na biashara ya watumwa. Serikali ya Uingereza ilipokomesha utumwa katika makoloni yake na kuwalipa fidia waliokuwa wamiliki, Earl wa 2 wa Harewood, mwenye jumba hilo wakati huo, alilipwa zaidi ya paundi 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Watu wenyewe hawakulipwa chochote. Ninawaheshimu wenye nyumba ya sasa kwa kuwa hawalifichi jambo hili. Mwaka 2023 walitundika ndani ya jumba picha ya mwigizaji David Harewood, ambaye mababu zake wa vizazi vya nyuma walikuwa watumwa katika mashamba ya ukoo huo, na ndiyo maana anabeba jina hilo.

Sisemi msiende. Mimi huenda Harewood kila majira ya kuchipua, na maua ya rododendroni kando ya ziwa lile ni mazuri sana. Ninachosema ni kwamba mzee aliyelima maisha yake yote anajua thamani ya kazi isiyolipwa, na ni kumvunjia heshima kumwonyesha uzuri na kumficha habari hizo. Hata upande wa Chatsworth, msimulie kwamba mwaka 1838 vijana wawili wa bustani, Robert Wallace na Peter Banks, walitumwa Amerika ya Kaskazini kutafuta mbegu na miche, wakazama katika mto Columbia kabla hawajarudisha chochote. Nao pia wamo katika gharama ya bustani ile.

---

Mwana wa Kihamba anajibu:

Ndugu zangu, nimesoma kila neno, baadhi yake mara mbili, na nawashukuru sana. Dada wa Bristol, nimemwomba mke wangu atafute mahali pa kulala karibu na Stourhead kwa wiki ya nne. Ndugu wa Leeds, umesema kweli. Nilikuwa nimepanga kulikwepa swali hilo, na sasa nitajiandaa kulijibu. Ndugu Mtunza Bustani, nimekwisha kuwaandikia barua pepe kuhusu mgomba, nikaeleza kama ulivyonielekeza.

Jana usiku nilimpigia mama nikamsimulia habari za Emperor. Nilidhani atashangaa kimo cha maji. Aliuliza kwanza kama ziwa la juu hukauka wakati wa kiangazi, nikashindwa kujibu. Nilipomweleza kwamba hakuna mashine, alisema, "Hilo ni mfongo tu, ila wameufunga mdomo." Kisha akauliza jambo ambalo halikunijia kabisa: maji yale yakisharuka na kuanguka, yanakwenda kwa nani? Alisema mfongo wowote lazima uwe na mwenye zamu baada yako, na hataki kuona maji yamepandishwa hewani halafu yakapotea. Je, kuna anayejua?

---

Mkazi wa Sheffield anajibu:

Mwambie mama kwamba kuhusu kiangazi amegusa penyewe: maji hutegemea mvua ya nyanda za juu, na mara nyingi chemchemi hufunguliwa kwa nguvu ndogo ili ziwa la juu lisiishe. Hata wao wana zamu ya kuyapima.

Na baada ya kuanguka hayapotei. Kwa mteremko ule ule yanaishia katika mto Derwent, unaopita mbele ya jumba. Derwent unateremka hadi mji wa Derby, ambako maji yake yaliwahi kuendesha viwanda vya nguo, kisha unaingia katika mto Trent. Kilomita chache tu mbele ya hapo, mto Soar nao unaingia katika Trent, na Soar ndio unaopita Leicester, hapo mnapoishi. Mkirudi jioni, msimamishe mama kwenye daraja lolote la mjini kwenu umwonyeshe maji. Yale ya Chatsworth na haya ya kwenu yatakutana huko mbele, yaende pamoja hadi baharini.